Utosi na Mapanja: Wanawake wa Kampala na Nywele Zinazopungua

Kupungua kwa nywele za wanawake kuna umbo lake, na umbo hilo ndilo lililomwezesha Erich Ludwig, daktari wa ngozi wa Kijerumani, kuligawa mwaka 1977 katika ngazi tatu ambazo madaktari wanazitumia hadi leo. Katika ngazi ya kwanza nywele za utosini huwa nyepesi kidogo tu, kiasi kwamba mwenyewe huligundua jambo hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Katika ngazi ya pili mstari wa katikati ya kichwa, ule unaochorwa kwa mkia wa kitana, hupanuka na ngozi ikaonekana bila kutafutwa. Katika ngazi ya tatu utosi hubaki karibu wazi, ilhali ukingo wa nywele juu ya paji la uso umesimama pale pale ulipokuwa tangu ujana. Kusalia kwa ukingo huo ndiko kunakoitenga hali hii na uwaraza wa wanaume, ambao aghalabu huanza mbele na kurudi nyuma, na ndiko kulikoipa jina la upungufu wa nywele wa mpangilio wa kike, neno mpangilio likimaanisha kwamba nywele hazitoki ovyo kichwa kizima, bali hufuata njia ambayo mtaalamu anaweza kuitabiri.

Chini ya ngozi, kila unywele huota kutoka katika kifuko kidogo ambacho hakifanyi kazi mfululizo, kwa kuwa hukua kwa muda wa miaka 2 hadi 6, hupita kipindi kifupi cha mpito cha wiki chache, kisha hupumzika kwa takriban miezi 3 kabla ya unywele wa zamani kuanguka na mwingine kuchipua mahali pake. Kwa kawaida nywele kati ya 50 na 100 huanguka kila siku kwa njia hiyo, wala si dalili ya ugonjwa. Katika upungufu wa mpangilio wa kike kifuko hakifi, bali hunywea: kila mzunguko unapokamilika, kipindi cha kukua huwa kifupi zaidi na unywele unaorudi huwa mwembamba zaidi, mpaka pale palipokuwa na unywele kamili pabaki unywele laini wa malaika usioonekana kwa macho ya kawaida. Kwa wanaume, mchango wa homoni za kiume, yaani androjeni, ulikwisha kuonyeshwa na Mmarekani James Hamilton mwaka 1942. Kwa wanawake habari haijanyooka hivyo, kwani wengi wao wana viwango vya kawaida kabisa vya homoni hizo wanapopimwa, na wachache tu ndio wenye androjeni zilizozidi, hasa kutokana na ugonjwa wa vifuko vingi katika ovari, ambao huambatana na hedhi isiyo na mpango, chunusi na nywele za kidevuni.

Urithi una sehemu yake, nao hutoka upande wa mama na upande wa baba vilevile, kinyume na imani iliyoenea kwamba upara hurithiwa kwa mama pekee. Katika familia za Kiganda, ambako ssenga, yaani shangazi, ndiye mwenye jukumu la kumfunda binti mambo ya mwili na ya ndoa, kichwa cha ssenga huyo ni ushahidi wa thamani kama kilivyo kichwa cha mama, na daktari makini huulizia vyote viwili. Tatizo ni kwamba vichwa vya wakubwa vimefunikwa kwa vitambaa au wigi kwa miaka mingi, hivyo binti wengi hawajawahi kuuona utosi wa shangazi zao ukiwa wazi, na hudhani kwamba jambo hili limeanza kwao.

Nywele za Waafrika zina tabia zake pia. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2001 vilionyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika walikuwa na wastani wa nywele 190 katika kila sentimita ya mraba ya ngozi ya kichwa, wakati Wazungu walikuwa na 227, na kwamba nywele zao zilikua kwa takriban milimita 8 kwa mwezi, ilhali za Wazungu zilikua kwa karibu milimita 12. Msokoto wa unywele huficha uchache huo kwa kuufanya kila unywele ushike nafasi kubwa, jambo ambalo ni neema kwa urembo na hasara kwa utambuzi, kwa maana mwanamke anaweza kupoteza sehemu kubwa ya nywele za utosini kabla ya kioo kumwambia. Ukuaji wa polepole nao huongeza muda wa kusubiri matokeo ya dawa yoyote, hivyo maelezo yaliyoandikwa kwenye karatasi ya dawa kwa kumfikiria mwanamke wa Ulaya hayana budi kusomwa Kampala kwa subira zaidi.

Kichwa cha mwanamke wa Uganda kina historia isiyofanana na ya mwenzake wa Lagos au Johannesburg. Katika shule nyingi za nchi hiyo wasichana hutakiwa kukata nywele fupi sana, na desturi hiyo humfuata mtoto kutoka msingi hadi kidato cha sita, isipokuwa wakati wa likizo ndefu ambapo husukwa haraka haraka ili afurahie wiki chache. Anapomaliza shule na kusubiri chuo, nywele huachiwa kwa mara ya kwanza, na ndani ya mwaka mmoja au miwili kichwa ambacho hakikuwahi kuzoea mzigo hupokea dawa ya kulainisha, draya, rasta, wivingi na gundi, mara nyingi kwa kufuatana. Wandegeya, mtaa uliokaa kati ya kilima cha Makerere na kilima cha Mulago, umejaa saluni zinazowahudumia wasichana hao. Kwa hiyo chuo kikuu cha Makerere, msusi na hospitali ya Mulago, iliyo kubwa kuliko zote nchini, vimepangana kwa umbali wa kutembea kwa miguu, ingawa wengi huchukua miaka kuivuka barabara moja kutoka kwa msusi kwenda kwa daktari.

Kazi ya msusi inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiye anayeuona utosi wa mteja kabla ya yeyote. Hukigawa kichwa kwa mkia wa kitana, hushika kitita kidogo cha nywele karibu kabisa na ngozi, huongeza nywele za bandia kwa ncha za vidole na kukaza fundo la kwanza kwa nguvu, kwani fundo hilo ndilo litakaloamua kama msuko utadumu wiki mbili au miezi miwili. Mteja anayelipa kwa msuko mmoja wa miezi miwili anaomba mwenyewe ukazwe. Usiku wa kwanza vipele vidogo vyeupe hujitokeza kuzunguka mizizi, ngozi ya mapanja huvutwa hadi nyusi zikapanda, na wengi humeza Panadol ili wapate usingizi. Hata mistari iliyosukwa kwa nywele zenyewe bila kuongezwa kitu, ile ambayo Kampala inaiita biswahili kana kwamba imeletwa na misafara ya pwani, haina lawama inapolegezwa, lakini huleta madhara yale yale inapokazwa.

Madhara hayo huitwa upara wa mvutano. Huanzia kwenye mapanja na ukingo wa mbele, pale ambapo nywele ni nyembamba na mvuto ni mkubwa, na mara nyingi huacha ushungi mwembamba wa nywele fupi mbele kabisa, zile ambazo vidole vya msusi havikuweza kuzishika. Utafiti uliofanywa mjini Cape Town na kuchapishwa mwaka 2007 uliukuta upara huu kwa karibu mwanamke mmoja kati ya kila watatu waliochunguzwa. Ukitambuliwa mapema, nywele hurudi mara tu mvuto unapokoma. Ukiachwa kwa miaka, vifuko huzibwa na kovu na hakuna dawa itakayovifungua. Hali hii si upungufu wa mpangilio wa kike, lakini hali zote mbili huweza kukaa katika kichwa kimoja, na mwanamke mwenye utosi uliopungua husuka kwa kukaza zaidi au huongeza nywele za bandia nzito zaidi ili kuuficha, hivyo tatizo la kwanza likazaa la pili.

Lipo pia tatizo la tatu, nalo ndilo linalopaswa kuogopwa kuliko mengine kwa kuwa hujificha ndani ya sura ya jingine. Huu ni upara wa makovu unaoanzia utosini na kuenea kwa duara kuelekea nje, na unaowapata hasa wanawake wenye asili ya Afrika walio katika umri wa makamo. Mwaka 1968, ulipoelezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitabibu, lawama zote zilitupiwa kitana cha moto. Baadaye walionekana wanawake wengi waliougua bila kukitumia kabisa, na mwaka 2019 kundi la watafiti lililomjumuisha daktari Ncoza Dlova wa Durban lilionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana mabadiliko katika jeni iitwayo PADI3, ambayo husaidia kuujenga mhimili wa unywele. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, uliona kwamba wanawake wenye upara huu walikutwa na uvimbe wa mji wa mimba mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo mwanamke mwenye utosi unaochomachoma na hedhi nzito inayomdhoofisha ana sababu ya kumtajia daktari mambo yote mawili katika ziara moja, hata kama yanaonekana hayahusiani.

Kwa mwanamke wa Kampala, basi, swali linalotangulia mengine yote ni upungufu upi alio nao, na swali la dawa linafuata baadaye sana. Utosi mwepesi ambao ngozi yake ni tulivu, na ambao matundu madogo ya nywele bado yanaonekana ukitazamwa karibu na dirisha, unaelekea upungufu wa mpangilio wa kike, ambao huenda polepole na kumpa mwenyewe nafasi ya kufikiri. Utosi unaowasha, unaouma ukiguswa, unaong'aa kama ngozi ya goti na ambao matundu yake yametoweka, unaelekea upara wa makovu, na hapo kila mwezi unaopita una gharama yake, kwani matibabu yake ni ya kuuzima uvimbe wa ndani kwa dawa kali za steroidi za kupaka au kuchomwa, pamoja na antibiotiki kama doksisaiklini, na lengo lake ni kuziokoa nywele zilizobaki, kwani zilizokwisha kuzikwa na kovu hazirudi. Anayeutibu upara wa makovu kwa chupa ya dawa ya kuotesha nywele aliyoipata dukani anaweza kuupoteza utosi wake huku akiamini kwamba anajitibu.

Wapo pia wanawake ambao nywele zao hupukutika kwa ghafla kichwa kizima, zikajaa katika kitana na kwenye mto, bila kufuata mpangilio wowote. Sababu huwa imekwisha kupita miezi 2 hadi 4 nyuma: homa kali, upasuaji, kujifungua, msiba, au kujinyima chakula ili kupunguza mwili. Malaria ya mwezi Aprili huonekana kichwani mwezi Julai, na kwa kuwa mgonjwa amekwisha kuisahau homa yake, hulaumu shampuu aliyoinunua wiki iliyopita. Upukutikaji wa namna hii hukoma wenyewe, lakini kwa mama anayezaa mara kwa mara hurudi kabla ya nywele kujaza pengo la mwanzo, na katika nchi ambayo takwimu za kitaifa za mwaka 2016 zilimpa mwanamke wastani wa watoto 5.4, hilo si jambo dogo. Takwimu hizo hizo ziliwakuta na upungufu wa damu asilimia 32 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49. Damu ikipungua kwa kukosa madini ya chuma, nywele ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mwili huacha kuvihudumia.

Haiwezekani kuandika juu ya nywele na Uganda bila kugusa kumbukumbu nyingine. Ugonjwa uliokuja kujulikana kama ukimwi uliitwa na watu wa Rakai na Masaka kwa jina la "Slim", kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa, na jina hilo liliingia katika jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 1985. Katika miaka hiyo ya kabla ya dawa, nywele zilizolainika na kupungua zilikuwa miongoni mwa dalili ambazo majirani walijifunza kuzisoma bila kuuliza, na wanawake waliokuwa wasichana wakati huo ndio mama na shangazi wa leo. Ndiyo maana mwanamke wa miaka 50 anaweza kuuficha utosi wake kwa juhudi zisizolingana na ukubwa wa tatizo. Anachokiogopa ni tafsiri ya watu zaidi ya upara wenyewe. Mhudumu wa afya anayemwambia kwamba hayo ni mambo ya urembo tu humkosea, kwa sababu mzigo anaoubeba ni wa jamii nzima na una umri wa miaka 40.

Utambuzi hauhitaji mitambo mikubwa. Daktari wa ngozi hutazama kwa kioo cha kukuzia chenye taa, ambacho humwonyesha kama nywele jirani zina unene tofauti, ishara ya vifuko vinavyonywea, au kama matundu yamezibwa. Huuliza kuhusu hedhi, uzazi, dawa na misuko. Huagiza kipimo cha damu, akiba ya chuma na tezi ya thairoidi, na homoni za kiume pale tu dalili zinapoziashiria. Akishuku makovu, huitia ngozi ganzi na kukata kipande chenye upana wa milimita 4 ili kikatazamwe kwa darubini. Kinachokosekana ni watu wa kufanya kazi hiyo, kwani madaktari wa ngozi nchini ni wachache na wengi wao wako mjini. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiwafunza matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika ili wabebe sehemu ya kazi hiyo katika hospitali za wilaya. Mwanamke anayekwenda kliniki na afumue misuko yake siku moja kabla, kwa kuwa daktari hawezi kuisoma ngozi asiyoiona, na mara nyingi safari nzima hupotea kwa sababu hiyo ndogo.

Pindi upungufu wa mpangilio wa kike unapothibitishwa, dawa ya kwanza kufikiriwa ni minoksidili. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1979, na wagonjwa waliokinywa walipoota nywele mashavuni na mikononi watengenezaji walipata wazo la kuifanya dawa ya kupaka, ambayo iliruhusiwa kwa wanaume mwaka 1988 na kwa wanawake miaka michache baadaye. Huongeza muda wa kifuko kukua na kuunenepesha unywele, lakini haifanyi kazi mpaka kimeng'enya kilichomo katika ngozi ya kichwa kiibadili, na kwa kuwa watu hawana kimeng'enya hicho kwa kiwango sawa, wapo ambao dawa halisi iliyopakwa kwa bidii haiwasaidii kitu. Katika jaribio la wanawake 381 lililochapishwa mwaka 2004, wale waliopaka dawa ya asilimia 5 au asilimia 2 kwa wiki 48 walipata nywele zaidi ya waliopewa kimiminika kisicho na dawa. Faida ilikuwa ya kweli na ya wastani. Hakuna aliyerudishiwa kichwa cha umri wa miaka 20.

Mambo matatu kuhusu dawa hii yangepaswa kuelezwa kabla ya chupa kufunguliwa. La kwanza ni kwamba katika wiki za mwanzo nywele huanguka zaidi, kwa sababu vifuko vilivyokuwa vimepumzika vinaamshwa na kuusukuma nje unywele wa zamani, na wanawake wengi huitupa dawa hapo hapo, wakati ilipokuwa inaanza kazi. La pili ni muda: matokeo hayahukumiwi kabla ya miezi 6, na pengine mwaka. La tatu ni kwamba ikiachwa, nywele ilizozihifadhi huanguka ndani ya miezi michache, na kichwa hurudi pale ambapo kingekuwa bila dawa. Kwa hiyo anayeianza anajiwekea gharama ya kila mwezi kama kodi ya nyumba, na uamuzi wa busara hufanywa kwa kuzidisha bei ya chupa kwa miaka 5 au 10. Dawa hii haitumiwi wakati wa ujauzito wala kunyonyesha, na hununuliwa katika duka la dawa lenye kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa, kwa kuwa chupa iliyookotwa katika duka la vipodozi haina wa kuulizwa ikimdhuru mtu.

Matumizi yenyewe yana ugumu ambao maelekezo ya kiwandani hayakuufikiria. Kimiminika kina alkoholi na propileni glaikoli, ambayo huwasha baadhi ya ngozi na kuzikausha nywele ambazo tayari ni kavu. Nywele zilizonyooshwa kwa joto hurudi kujisokota zinapolowa. Na mwenye wivingi iliyoshonwa hana njia ya kuifikia ngozi hata kidogo. Mistari ya biswahili iliyolegezwa inafaa kuliko misuko mingine, maana njia kati ya mstari na mstari huiacha ngozi wazi, na tone likiwekwa hapo hufika linapohitajika. Minoksidili ya povu haiwashi sana kama ya kimiminika kwa wenye ngozi nyepesi kuudhika, na hakuna haja ya kuosha kichwa kila siku kwa sababu ya dawa. Ratiba ya kila wiki au wiki mbili iliyozoeleka inatosha.

Ugumu huo umewafanya madaktari wengi kurudi kwenye kidonge, safari hii kwa dozi ndogo mno, kwa wanawake kati ya miligramu 0.25 na 2.5 kwa siku, ambayo ni sehemu ndogo ya dozi ya shinikizo la damu. Kwa mwanamke anayesuka, kidonge hutatua tatizo zima la kuifikia ngozi. Bei yake hulipwa mahali pengine: katika uchunguzi wa wagonjwa 1,404 uliochapishwa mwaka 2021, karibu asilimia 15 waliota nywele za ziada usoni au mwilini, na wachache walipata kizunguzungu, kuvimba miguu au moyo kwenda mbio. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari aliyepima shinikizo la damu na kuuliza habari za moyo na figo, na kuigawa dozi ya jirani mwenye presha ni hatari.

Spironolaktoni, inayofahamika zaidi katika wodi za wagonjwa wa moyo na ini kama dawa ya kukojosha, huzuia pia androjeni zisikifikie kifuko, na huwafaa hasa wanawake wenye chunusi, nywele za kidevuni na hedhi iliyovurugika. Inaweza kupandisha potasiamu katika damu na kuathiri maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni, hivyo haitolewi kwa mwanamke anayeweza kushika mimba bila uzazi wa mpango wa kuaminika, sharti ambalo kwa mke kijana anayetarajiwa kuzaa huifuta dawa hiyo kwa miaka kadhaa. Finasteridi, iliyowafaa wanaume, ilijaribiwa kwa wanawake 137 waliokoma hedhi kwa dozi ya miligramu 1, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 hayakuonyesha faida yoyote.

Kuhamisha nywele kutoka kisogoni, biashara inayowavuta wageni wengi Istanbul, kunahitaji kisogo chenye nywele za kutosha, jambo ambalo upungufu wa kike mara nyingi haulibakizi. Na kwa Mwafrika mzizi wa unywele hupinda chini ya ngozi na kukatika kwa urahisi unapong'olewa, huku baadhi ya ngozi zikiota makovu yaliyovimba. Sindano za plazma ya damu ya mgonjwa mwenyewe na kofia za mwanga mwekundu zina matumaini kiasi na bei kubwa. Anayebanwa na fedha hapotezi mengi kwa kuziacha.

Mafuta yanadai maneno zaidi, kwa sababu ndiyo tiba ya kwanza ya karibu kila nyumba. Mafuta ya mbarika na siagi ya mti wa shea, ambayo Waacholi na Walango wa kaskazini huiita moo yaa, huupunguzia unywele msuguano, hivyo nywele hukatika kidogo na urefu huhifadhiwa. Kwa kichwa kinachosukwa hiyo ni faida halali na ya bei nafuu. Mafuta hayo hayafufui kifuko kilichonywea. Vidonge vya biotini vimekuwa mtindo, na kwa asiye na upungufu wa vitamini hiyo, ambao ni nadra sana, havileti lolote isipokuwa kuvuruga vipimo vya maabara, jambo ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani ilitolea onyo mwaka 2017 ikitaja kipimo cha mshtuko wa moyo. Vipimo vya tezi ya thairoidi navyo vinaweza kupotoshwa. Fedha hiyo ingenunua maini, maharage, na mboga za majani kama nakati na dodo, na kikombe cha chai kingesogezwa mbali na mlo kwa saa moja au mbili, kwa kuwa chai hukizuia chuma kisifyonzwe.

Lipo chaguo la kutotibu, na waandishi wa vitabu vya afya hulitaja kwa haraka kana kwamba ni kushindwa. Upungufu wa mpangilio wa kike hauui wala haudhuru kiungo kingine. Mwanamke aliyeuelewa, akaiona gharama ya miaka 10 na kuamua kuipeleka kwenye karo ya watoto, amepima vizuri. Wigi ni chombo halali, mradi iwe nyepesi, isibandikwe kwa gundi kwenye ukingo wa mbele, na ivuliwe usiku. Kitambaa cha hariri au satini ndani yake huyapunguzia mapanja msuguano. Huzuni hata hivyo haipimwi kwa ukubwa wa ugonjwa, na mwanamke anayeacha kwenda kanisani au harusini kwa sababu ya utosi wake anahitaji msaada kwa ajili ya huzuni hiyo yenyewe, hata kama nywele hazitarudi.

Wengine hurudi kwenye kichwa walichokijua shuleni. Nywele zikikatwa fupi kwa usawa, jicho hukosa tofauti ya kulinganisha kati ya utosi na pembeni, na upungufu wa ngazi ya kwanza au ya pili hupotea karibu wote, katika mji ambao kichwa kifupi cha mwanamke hakimshangazi mtu, maana mabibi wengi wanacho na kila msichana wa shule amewahi kuwa nacho. Kukata hakumzuii mtu kujitibu. Kwa nywele fupi tone la minoksidili huifikia ngozi moja kwa moja, mapanja hupumzika, na picha ya utosi inayopigwa kwa simu kila baada ya miezi mitatu, katika mwanga ule ule wa dirishani, hupigwa bila kufumua chochote.